Mtu Aliyejua Mapema Mno

Wiki saba zilizopita, Jumanne asubuhi, mzee mmoja wa kutoka Uvira, mashariki ya Kongo, alianguka ndani ya kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali hapa North York. Alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kupigia pasi, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Tulimzika Jumamosi iliyofuata chini ya mvua ya baridi, na sisi tuliokuwapo tungeweza kuenea ndani ya magari mawili bila kubanana. Wasomaji wangu wengi mlimfahamu. Baadhi yenu mliwahi kukaa naye benchi moja kanisani, kabla hamjaanza kulihama. Yeyote aliyekuwa akifika kwenye ule ukumbi wa chini ya kanisa, karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, mwezi wa Agosti mwaka jana, ameshajua ninamzungumzia nani. Ni yule mliyemwita "mtu wa upande ule." Mimi pia nilimwita hivyo, na jina hilo nililitamka kwa sauti ya chini, kama ninyi.

Kwao alikuwa karani wa posta. Hapa alikunja mashuka miaka minne, na aliyakunja kwa adabu ileile ambayo nadhani alikuwa akigongea mihuri kwenye barua za watu. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza, "Mzee, unatoka wapi?" alijibu, "Jane na Finch," kisha akakuuliza habari za watoto. Siku moja tulipiga picha ya pamoja baada ya chakula cha Pasaka. Yeye akajitolea kushika kamera ili asiwemo. Tulipoandika orodha ya wanajumuiya, kila mtu na kijiji chake cha asili, nafasi yake aliiacha wazi. Kila kimoja katika vitendo hivi kina maelezo yake mepesi. Nusu ya wakimbizi ninaowafahamu hawapendi picha wala orodha, maana wameona orodha zilivyotumika huko walikotoka. Lakini mashaka ni fundi wa kushona: huokota vipande vilivyotupwa kila mahali na kukuletea vazi kamili, nawe unastaajabu jinsi linavyomkaa mtu sawasawa.

Mwaka ule vita vya Kongo vilikuwa vimeanza upya. Waasi waliinuka upande wa mashariki, halafu, kabla watu hawajaelewa kinachoendelea, askari wao wakapakiwa kwenye ndege na kushushwa magharibi kabisa, karibu na bahari, ili waujie mji mkuu kwa nyuma. Waliliteka bwawa linaloupa mji umeme. Kinshasa ikawa giza, na mabomba yakakauka. Sisi tuliokuwa hapa tuliumia kwa namna yetu ya pekee. Wengi katika kanisa lile ni watu wa mashariki, wenye ndugu waliohamia Kinshasa mwaka uliotangulia kufuata kazi za serikali mpya. Kinshasa husema Kilingala. Kiswahili, lugha tunayoimbia na kubembelezea watoto, kikageuka kule kuwa lafudhi ya adui. Mtu akiteleza ulimi sokoni akasema "samahani," alitazamwa usoni, akapimwa pua na urefu, akaulizwa alikuja lini na alikuja na nani. Walioulizwa hivyo si wote waliorudi nyumbani.

Jumapili moja ya mwezi ule, baada ya ibada, tulikuwa chini ukumbini, tumezunguka redio na chai. Mama mmoja wa kwaya alikuwa akieleza kwamba dada yake, mwenye watoto wanne, anaishi Masina, mtaa ulio upande wa uwanja wa ndege wa Kinshasa. Yule mzee aliweka kikombe chini, akamsogelea.

"Mama, dada yako bado iko ku Masina?"

"Iko. Anasema kumetulia."

"Umupigie leo. Leo, hapana kesho. Atoke na batoto, aende katikati ya mji kwa mutu anajua. Mbele ya siku ya tatu."

Kwa watu wa kwao "mbele" ni kabla, na siku ya tatu ni Jumatano. Mama wa kwaya alicheka kidogo, akidhani ni utabiri wa wazee. "Nani alikuambia?"

"Umupigie tu, mama."

Alipiga. Dada yake alikuwa mwoga kwa asili, akaondoka Jumatatu na watoto na sufuria mbili. Jumatano waasi waliingia katika mitaa ile, Masina ikiwemo, na risasi zikalia humo siku kadhaa. Habari zilipotufikia, mama wa kwaya alilia machozi ya shukrani hadi Alhamisi. Ijumaa akaanza kufikiri. Jumamosi akanipigia simu. "Kaka," aliniambia, "mi nashukuru Mungu. Lakini ule muzee alijuaje?"

Swali hilo lilikwisha kuingia katika kila nyumba, kuanzia Jane na Finch mpaka maghorofa ya Dixon. Wazee watatu wa jumuiya walinialika kwao mchana ule ule. Walinichagua kwa sababu mimi ni mtu wa Kigoma, sina upande katika ugomvi wao, na kazi yangu inayoniletea ugali ni ukalimani: watu wamezoea kunieleza mambo. "Lisemwalo lipo," alisema mkubwa wao, akipapasa mkono wa kiti. "Hatumushitaki. Tunataka tu kujua. Kama iko mutu wao, basi kila jina tunasema mule kanisani linafika kwao. Uende umusalimie. Utazame." Nilikwenda nikijidanganya kwamba ninakwenda kumsafisha.

Alinifungulia mlango akiwa amevaa soksi. Nyumba yake ilikuwa chumba na jiko, safi mno, bila picha ukutani. Kwenye meza palikuwa na simu, na kando ya simu daftari la shule lililofunguliwa. Aliponiona ninalitazama alilifunga, akaliweka chini ya mto wa kochi, akaukalia mto. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayefunika chungu.

"Karibu. Umetumwa," alisema.

"Nimekuja kukusalimu, mzee."

"Umekuja kunisalimia, na umetumwa. Vyote ni sawa. Chai?"

Tulikunywa chai. Nilimwuliza kuhusu kazi, magoti, baridi inayokuja. Mwishoni nilijitia ujasiri. "Mzee, watu wanajiuliza ulijuaje habari za Masina."

Aliuzungusha mkono wake juu ya mdomo wa kikombe. "Ule mama, dada yake iko muzima?"

"Mzima."

"Batoto?"

"Wazima wote."

"Basi," alisema, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia.

Ningeweza kurudi na kuwaambia wale wazee kwamba jambo la kwanza alilouliza ni uzima wa watoto. Nilisahau kulisema, au niliona halina uzito. Walichopata kutoka kwangu ni hiki: ana daftari, na nilipoingia alilificha chini ya mto wa kochi. Ilikuwa kweli tupu. Mkubwa wao aliguna, wa pili akatikisa kichwa, na mimi, nakiri, nilijisikia mtu wa maana. Kufikia Jumapili ya wiki iliyofuata daftari lilikuwa limeota majina ndani yake, majina ya ndugu zetu waliojificha Kinshasa, yaliyoandikwa kwa ajili ya waasi. Hakuna aliyeliona, na wote walijua lina kurasa ngapi.

Jumapili hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu zaidi. Mashambulizi yalikuwa yameshindwa. Majeshi ya nchi jirani yalikuja kuisaidia serikali, waasi wakakwama kwenye kingo za mji, na wenyeji wenyewe wakawasaka nyumba kwa nyumba. Waliopatikana walichomwa kwa matairi ya magari. Mtu mmoja alikuwa amerekodi habari za televisheni kwenye kaseti ya video, akaileta ukumbini. Watu walitazama wakipiga makofi, wengine wakiimba. Sitawahukumu, ndugu zao walikuwa wameokoka. Kwenye kioo zikapita maiti, barabarani, moja baada ya nyingine. Yule mzee aliinuka kutoka kiti cha nyuma, akapita katikati ya watu, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Aliinama. Alitazama sehemu ya chini ya picha, si nyuso. Kisha akamwomba mwenye kaseti airudishe nyuma kidogo. "Anatafuta wenzake," mama wa kwaya alininong'oneza, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo watu walihama benchi lake.

Miezi ikapita, theluji ikaja. Alikuwa ameomba mkewe na binti zake wawili waletwe hapa kutoka kambi moja ya wakimbizi mkoani kwetu Kigoma. Mafaili ya namna hiyo huenda kwa mwendo wa kinyonga, lakini lake lilisimama kabisa. Mwezi wa pili mwaka huu aliitwa kwenye mahojiano ya uhamiaji, na asubuhi hiyo mkalimani aliyepangiwa kazi nilikuwa mimi. Nilipaswa kusema kwamba ninamfahamu mhusika. Sikusema. Nilijiambia kwamba wakalimani wa lugha yetu ni wachache. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyekunja mikono juu ya faili. Alieleza kwamba ofisi imepokea barua isiyo na jina, inayodai kwamba mwombaji ni mpelelezi wa waasi. Akaanza kuisoma kidogo kidogo ili nitafsiri. Alijua habari za Masina kabla hazijatokea. Nikatafsiri. Hapendi kupigwa picha. Nikatafsiri. Ana daftari ambalo, mgeni anapoingia, hulificha chini ya mto wa kochi.

Wasomaji, mimi hutafsiri karibu kila wiki mambo ambayo watu wa kawaida hawayasikii maishani mwao, na sauti yangu haitetemeki. Hapo nilikaa kimya. Afisa akadhani sikusikia, akarudia. Ilibidi nimgeukie mzee yule, mimi niliyekuwa mgeni wake wa pekee, na kumwambia kwa Kiswahili, kwa kinywa changu kilekile, maneno yaliyotoka kwangu. Alinitazama kwa utulivu. Akaitikia kidogo, kama mtu anayepokea barua aliyokuwa akiisubiri.

"Ulijuaje?" afisa aliuliza.

Katika kazi yetu mkalimani hasemi "anasema kwamba." Husema "mimi." Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema kwa Kiingereza, chumbani mule: Nina mtoto wa kiume, kifungua mimba wangu. Nilimkataza kujiunga nao na akajiunga. Jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano, anabeba simu ya setilaiti ya mkubwa wake. Alikuwa akiiba dakika mbili, ananipigia. Nilimwambia atupe bunduki, akimbie. Alisema, baba, huku siwezi kukimbia, nikifungua kinywa watajua nimetoka wapi. Jumamosi aliniambia, siku ya tatu tunaingia Masina. Ndipo nikamwambia yule mama. Kwenye daftari niliandika kila alichosema na saa aliyosema, kwa sababu sikujua maneno yapi yangekuwa ya mwisho.

"Kwa nini hukuwaeleza watu wa kanisa lako?"

Kwa sababu wao wana simu, na Kinshasa wana simu. Nina binamu zangu kule. Jina langu ndilo jina lao.

"Mwanao yuko wapi sasa?"

Mzee alivua miwani. Alieleza kwamba mwanawe alipokuwa mdogo aliunguzwa na maji ya moto, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vilishikana. Alitazama video, akatafuta mguu huo. Nilisema kwa Kiingereza, "Sikuuona mguu wake. Lakini simu haikulia tena." Afisa aliandika muda mrefu. Kisha akauliza jina la mtoto kwa ajili ya rekodi, mzee akalitaja, nami nikalirudia, herufi kwa herufi.

Tulipanda basi moja kurudi. Baada ya vituo vitatu nilisema, "Mzee, yale ya daftari..."

"Nilijua ni weye," alisema. "Hakuna mutu mwengine aliingia mule nyumba."

"Mbona hukumwambia afisa kwamba hunitaki?"

"Angeuliza sababu. Ungepoteza kazi." Alifuta ukungu kwenye dirisha la basi kwa mkono wa koti. "Tena unatafsiri muzuri." Tulipokaribia Finch akaongeza, "Bibi yangu na batoto bakifika, uandike kama unataka kuandika. Mbele bafike, funga kinywa."

Nilikifunga. Kiangazi barua ilikuja: faili linaendelea. Alianza kunitembelea Jumamosi, na nilianza kumtembelea yeye, lakini kanisani sikuhamia benchi lake mara moja. Nilichukua Jumapili tatu kupata ujasiri huo, na sioni sababu ya kuwaficha. Oktoba alianguka kiwandani.

Nimejiuliza mara nyingi kama tulikosea kumshuku. Jibu halinipi raha. Alikuwa kweli na mtu upande ule. Taarifa zake zilitoka kweli kwa waasi waliouzimia mji umeme, na sitamfanya mwanawe malaika kwa sababu nilimpenda baba yake. Tulichokishuku kilikuwepo, tulikipa maana ambayo hakikuwa nayo. Hofu iliyowafanya watu wa Kinshasa wapime pua za jirani zao ilivuka bahari ikiwa nzima, ikashuka hapa, ikavaa koti la baridi na kuketi nasi ukumbini, kwenye chai na maandazi. Sisi tulioikimbia tuliipa kiti. Tena haijaondoka. Kuna mtu aliyeandika barua ile, na yamkini anaisoma safu hii. Mwezi uliopita nilijikuta nimesimama mbele ya ubao wa kanisa, ninasoma orodha ya zamu za usafi, ninalinganisha miandiko. Barua yenyewe sikuwahi hata kuishika, niliisikia tu ikisomwa. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kuwachagua watu wawili. Mama mmoja alipita akanisalimia, nami nikamjibu nikifikiria herufi zake.

Mkewe na binti zake waliwasili wiki mbili zilizopita. Mama wa kwaya ndiye aliyeendesha gari kwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa nimemweleza kila kitu wiki ya mazishi, nikivunja ahadi yangu kwake yeye peke yake, na tangu hapo hakuna anachokifanya kwa ajili ya familia ile anachokiona kinatosha. Mjane alikaa nyuma kati ya mabinti, amejifunika blanketi tulilomletea. Njiani alisema, "Baba yao aliniambia ku simu, hapa kuko kanisa ya batu bazuri sana." Mama wa kwaya alilazimika kupunguza mwendo. Nami nikageuka, nikamweleza mjane nilichokiona siku ile nyumbani kwa mumewe, nilimwambia nani, na kilichotokea baadaye. Sikupunguza kitu. Alinisikiliza akitazama maghorofa yakipita. Binti mkubwa alimshika mkono.

Gari lilipita taa mbili za barabarani. Kisha mjane akauliza, "Ku ile mahojiano, alitaja jina ya mutoto?"

"Alilitaja, mama."

"Na weye ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Kule kambi nilikuwa naogopa kulitaja," alisema. "Mwaka muzima sijasikia mutu analitaja. Ulitaje."

Nikalitaja. Akafumba macho, akaniomba nilitaje tena, nikalitaja tena, na mabinti zake wakalia.

Kwa miaka mingi nimejivunia kwamba katika kazi yangu siongezi neno wala sipunguzi. Kuhusu mzee yule sikuongeza neno hata moja. Nililipeleka jambo la kweli kwa watu waliokuwa wakilisubiri kwa njaa, nikaondoka nikiwa na dhamiri safi, na familia moja ikabaki kambini miezi mingi zaidi, na mwanamume mmoja akafa kabla hajaiona. Ukiona kitu usichokielewa kwa jirani yako, na hasa siku ambazo kila mtu anaogopa, mwulize yeye mwenyewe, na akikataa kukujibu, kaa na kutojua kwako. Ni mzigo, najua. Lakini ni mwepesi kuliko huu nilio nao.